Mdogo wangu anasema hakuna Mungu, nimjibu nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Moshi, kwetu ni Walutheri toka enzi za babu. Mdogo wetu wa mwisho yuko chuo Nairobi, mwaka wa tatu, kijana aliyepata kipaimara vizuri tu na alikuwa anafundisha sande skuli. Pasaka iliyopita kagoma kwenda ibadani, alaf akaandika kwenye grupu la familia kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa Mungu yupo, na kama kila kitu kimeumbwa basi tumwambie nani kamuumba Mungu. Mama hali vizuri toka siku hiyo, baba anasema atakata ada. Tangu dada yetu mkubwa afariki mwaka juzi (alikuwa na sukari, akaambiwa kwenye maombi aache sindano) nyumba haijatulia na hili sasa limetumaliza. Naomba hoja za kisomi za kumjibu maana ana akili sana. Na je ni kweli vijana sa hivi wote wanaacha dini?

Jibu: Marahaba dada yangu, na poleni sana, kwa yote mawili.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndo linawatia watu kiwewe bure. Hapana, vijana wote hawaachi dini, sio huku kwetu. Watu wanachukua habari za Ulaya na Marekani wanazileta hapa kama zilivyo. Kule ni kweli kabisa, sensa ya England na Wales ya 2021 ilikuta Wakristo wameshuka hadi asilimia 46.2, chini ya nusu kwa mara ya kwanza, na waliosema hawana dini wamefika 37.2 wakati miaka kumi nyuma walikuwa 25.2. Marekani nako wasio na dini walikuwa kama asilimia 16 mwaka 2007, sa hivi ni karibu watu 3 katika kila 10, na ukienda kwa vijana wadogo ndo wengi zaidi, ingawa miaka hii ya karibuni hata kule mteremko umetulia kidogo.

Sasa njoo Kenya, alipo mdogo wako. Sensa ya 2009 waliosema hawana dini walikuwa kama 922,000. Sensa ya 2019, na watu wameshaongezeka zaidi ya milioni 8, wakawa kama 755,000. Yani wamepungua, kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6. Kila nikiwaambia wachungaji hili wananiangalia kama nimekosea kujumlisha. Kwetu Tanzania ndo hatuna hata pa kuanzia kwasababu sensa haijauliza dini tangu ile ya 1967.

Lakini namba hizo nazo usizilalie usingizi, maana karani wa sensa akibisha hodi anaongea na mkuu wa kaya, na baba yako akiulizwa kuhusu mdogo wako atasema nini? Mlutheri. Andika hapo, endelea. Kwahiyo kijana aliyeacha kuamini miaka mitano iliyopita bado anahesabiwa kanisani, tena pengine na bahasha yake ya ahadi ipo na mama ndo anailipia. Ninachokiona mimi darasani, na nimefundisha falsafa ya dini miaka mingi, ni kwamba wanaokana Mungu waziwazi ni wachache sana, ila waliochoka na kanisa au msikiti ni wengi, na katikati hapo kuna kundi kubwa lisilosema kitu. Anaenda Krismasi, anapiga picha, anarudi.

Kenya wana hata chama cha wakanamungu, kilisajiliwa Februari 2016, haikupita miezi mitatu usajili ukasimamishwa baada ya viongozi wa dini kulalamika, wakaenda mahakamani wakakirudisha. Mwaka 2021 katibu wao akajiuzulu akisema amempata Yesu, na chama kikatoa tangazo la kumtakia kila la heri na kwamba nafasi ya katibu iko wazi, wanaotaka waombe. Mimi nilicheka sana siku ile, ila nilipomaliza kucheka nikaona hawa watu wamemuaga mwenzao kwa adabu kuliko familia nyingi za Kikristo ninazozijua.

Haya, hoja.

Lile swali la nani kamuumba Mungu, usimcheke na usiseme ni la kitoto, ila pia sio zito kama anavyodhani. Linafanya kazi tu kama wewe umesema kila kitu kina muumbaji. Ukishasema hivo umejifunga mwenyewe, na bahati mbaya ndo wanavyosema wahubiri wengi. Wanafalsafa wenyewe hawakusema hivo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alisema kila kilichoanza kuwepo kina kilichokianzisha, na ulimwengu ulianza. Ukiiangalia vizuri hiyo sentensi utaona neno zima ni "kilichoanza". Kisicho na mwanzo hakihusiki. Mtoto yoyote aliyepita madrasa ya Unguja au Mombasa akafundishwa zile sifa ishirini za Mungu anajua ya kwanza ni Wujudi, kuwepo, na ya pili yake tu ni Kidamu, kutokuwa na mwanzo, kwahiyo swali la mdogo wako lilishapangiwa kiti chake kabla hajalileta. Sisi wa upande wa kanisa tungeazima hiyo bila aibu.

Kabla ya Ghazali kuna Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, huyu alifariki 1037, na hoja yake mimi ndo naipenda kuliko zote kwasababu haijali kama ulimwengu una mwanzo au hauna. Anasema hivi, angalia kitu chochote, kikombe, mlima Kilimanjaro, wewe mwenyewe. Kingeweza kutokuwepo. Sasa ukijumlisha vitu vyote ambavyo vingeweza kutokuwepo, hata viwe vingi bila mwisho, hujapata bado jibu la kwanini vipo badala ya kusiwe na chochote. Ni kama mtu anadaiwa, anakopa kwa jirani kulipa, jirani nae kakopa kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, hata mnyororo uwe mrefu vipi lazima mahali fulani awepo mtu mwenye hela yake mwenyewe la sivyo hakuna hela iliyotembea. Huyo mwenye hela yake ndo Ibn Sina anamuita ambaye kuwepo kwake ni lazima. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki, kwenye karne ya 13 aliichukua njia hiyo, akaigeuza kidogo, ni mojawapo ya zile njia zake tano za kuonyesha Mungu yupo.

Mtumie hiyo. Lakini usimfiche jibu la upande wa pili, maana atalipata mtandaoni dakika kumi baadae na utaonekana umemdanganya. Mwaka 1948 redio ya BBC ilimkutanisha Bertrand Russell, mwanafalsafa asiyeamini Mungu, na padri Mjesuiti anaitwa Copleston, wakabishana hoja hii hii. Russell alipobanwa alisema ulimwengu upo tu, basi. Haudai maelezo. Na ukiniuliza mimi nani alishinda nitakwambia hakuna, kwasababu pale mmoja anaona lazima kuwe na kwanini na mwingine anaona hakuna ulazima, na hakuna hoja ya tatu ya kuwaamua. Kuna jambo lingine pia, hata ukikubali yote ya Ibn Sina umefika kwenye Kitu cha Lazima. Bado hujafika kwa Mungu anayesikia mama yako akiomba saa kumi alfajiri. Huo umbali ni mrefu na hoja hii peke yake haiuvuki.

Kuna hoja nakuomba usizitume kabisa. Ile ya saa, kwamba ukiokota saa porini utajua kuna fundi, kwahiyo jicho nalo lina fundi. William Paley aliiandika 1802 ikapendwa sana, Darwin akaja 1859 akaonyesha jicho linaweza kupatikana taratibu kwa vizazi vingi bila fundi kukaa mezani, na hata kabla ya Paley yule Mskoti David Hume alishaitoboa, kitabu chake kikatoka 1779 yeye akiwa ameshakufa miaka mitatu, humo anauliza kama dunia ni kazi ya fundi, mbona haionyeshi fundi ni mmoja, huenda ni kikundi, au fundi mwanafunzi aliyekuwa anajifunzia hapa kwetu. Kijana wa mwaka wa tatu atakuwa ameshayasikia hayo.

Na usimwambie sayansi imethibitisha Mungu kwasababu ya mlipuko mkuu, ile Big Bang. Aliyeleta hilo wazo la ulimwengu kuanza kutoka kitu kimoja kidogo alikuwa padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji, na mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alipohutubia akionyesha kama vile sayansi imekuja kushuhudia uumbaji, huyo padri mwenyewe hakufurahi. Alitaka fizikia ibaki fizikia. Padri, dada yangu. Sasa sisi tunaosambaza klipu tumemzidi nini?

Upande wake yeye, hoja yenye uzito kweli ni moja na hajaiandika kwenye grupu. Ni ile ya mateso. Kama Mungu ni mwema na anaweza yote, haya mabaya yanatoka wapi. Thomas wa Akwino alipouliza kama Mungu yupo aliweka mbele pingamizi mbili tu, na ya kwanza kabisa ni hiyo: kama kuna wema usio na mwisho, ubaya usingeonekana popote, lakini unaonekana. Mtakatifu wa kanisa, anafungua na hoja ya adui kabla ya yake, na anaiandika kwa nguvu zote. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie akaikaza zaidi, akasema kuamini hivyo vitu pamoja ni kujipinga, alaf miaka ya 70 Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, akajibu kwamba kama Mungu anataka viumbe wenye hiari ya kweli huenda hawezi kuwapa hiari na papohapo kuwazuia wasiitumie vibaya, na wengi hata wasioamini wakakubali kwamba kujipinga kwenyewe hakupo. Ila hilo linajibu swali la mantiki tu. Halijibu la mtu aliyekaa msibani.

Na hapa ndo nataka tukae, kwasababu barua yako ina mistari kama kumi na tano, na katikati yake umeweka mabano. Ndani ya mabano kuna dada yenu mkubwa. Sukari, maombi, sindano. Umeandika ukapita, nadhani kwasababu ndo mmejizoesha hivo nyumbani, jambo halisemwi. Dada yangu, mimi simjui mdogo wako lakini naomba nikuulize, alianza kusitasita lini? Kabla ya mazishi au baada? Nani alimpeleka dada kwenye yale maombi? Na baada ya hapo, kuna mtu yoyote kanisani kwenu au nyumbani amewahi kusema kwa sauti kwamba yule mhubiri alikosea, kwamba mgonjwa wa sukari anayetegemea sindano ya insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache, na kwamba kilichotokea hayakuwa mapenzi ya Mungu ila ni mtu alimwambia aache dawa? Au ilisemwa tu pale kaburini Bwana ametoa na Bwana ametwaa?

Kama ilisemwa hivo tu, basi mimi naelewa vizuri sana kwanini kijana mwenye akili na anayempenda dada yake atasema huyo Bwana hayupo. Ni heshima, ukiangalia kwa jicho fulani. Kati ya kuamini Mungu alimuua dada kwa kupitia mhubiri na kuamini Mungu hayupo, amechagua la pili. Bahati mbaya hamkumpa la tatu.

Alaf yuko Nairobi. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, watu wa mhubiri Paul Mackenzie waliambiwa wafunge hadi wafe wakakutane na Yesu, miili iliyofukuliwa imepita 400, na watoto wengi wamo humo. Kila siku ilikuwa kwenye simu za wanafunzi. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, vijana wenzake wakaingia barabarani kwa ajili ya muswada wa fedha, wengine wakauawa, na hasira yao ikageukia na makanisa pia kwasababu walikuwa wameona miaka mingi wanasiasa wanakuja Jumapili na mabunda ya hela, wanapewa maikrofoni. Ilikuwa kali mpaka Novemba ile ile Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha mamilioni aliyotoa Rais Ruto parokia ya Soweto. Sasa kijana anatoka kwenye mazingira hayo, ana msiba wake wa kimya moyoni, anarudi Moshi Pasaka anaambiwa vaa twende, usiulize. Mimi ningegoma pia. Nilishagoma, nikiwa na miaka 22, mwaka mzima na nusu, na aliyenirudisha hakuwa mwanafalsafa yoyote, ni mwinjilisti mzee aliyekuwa anakuja kucheza bao na mimi na hakuwahi kuniuliza hata mara moja kwanini sionekani. Mpaka leo sijui kama alikuwa mjanja au alipenda bao tu.

Mama yako mwambie hili, litamsaidia. Kusitasita sio lazima kuwe mwisho wa imani. Huyo Ghazali niliyemtaja, leo anaheshimiwa pwani nzima, ameandika mwenyewe kwamba aliwahi kuingiwa na shaka kwa karibu miezi miwili hata akawa haamini macho yake wala akili yake, na mwaka 1095 akiwa mwalimu mkubwa Baghdad sauti ilimkatika akashindwa kufundisha, akaacha kazi akaondoka. Mama Teresa wa Kolkata, barua zake zilipotoka 2007 watu wakashtuka, miaka kama hamsini alikuwa anaomba bila kuhisi Mungu yupo. Sisemi mdogo wako atakuwa mtakatifu, huenda asirudi kabisa, na hilo nalo mjiandae nalo. Nasema tu mama asimzike akiwa hai.

Swali la nimjibu nini. Mtanzania na Mkenya tumezoea kusema Mwafrika ni mtu wa dini kwa asili, John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliliandika hilo 1969 na limekuwa kama methali. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, hakukubaliana nae, na alikuwa na kisa ambacho nakitumia kila mwaka darasani. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza nani kawaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, kwahiyo swali likatoka kama nani kawafinyanga, na wazee wakaona ni swali la ajabu, mtu si anazaliwa na mama yake? Wakasema hawajui. Mapadri hawakuridhika, wakang'ang'ania wapewe jibu. Mzee mmoja akakumbuka kuwa mtu akipata kifua kikuu cha uti wa mgongo anapinda, anakuwa kama amefinyangwa, na anayefanya hivo ni Rubanga. Akasema Rubanga. Mapadri wakaandika. Pepo wa kupindisha migongo akawa ndo jina la Mungu.

Wale wazee walisema hawajui na lilikuwa jibu zuri kabisa. Kwahiyo mdogo wako akisema sijui, mwache aseme sijui. Mkimkaba kwenye grupu mbele ya mashangazi atawapa jibu lolote la kuwaondoa, na litakuwa baya kuliko alilonalo. Na kinyume chake, kabla ya kumtumia Ibn Sina, mpigie wewe peke yako, sio kwa meseji, umuulize huyo Mungu anayesema hayupo yukoje. Mwache amueleze. Mimi naweza kubet akimaliza utagundua wewe nae humuamini huyo, maana atakuwa ni yule wa mhubiri wa sindano. Hapo sasa mna pa kuanzia, na hoja zitakuwa na kazi. Kama atakwambia hapana, nimesoma Hume, nimesoma Mackie, nimeshawishika, basi ni msomi mwenzangu, mpe namba yangu tubishane, nitafurahi.

Baba na ada. Hapa naomba umfikishie kwa heshima zote, tena ikibidi msomee. Mzee, ada ilipe. Ukiikata hujamfundisha chochote kuhusu Mungu, umemfundisha kwamba kurudi kanisani kuna bei, na atarudi, maana anahitaji kumaliza chuo, atakaa benchi la mbele mpaka siku ya mahafali alaf hutamuona tena kanisani wala nyumbani. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja gumu mwaka huu, siku ya kumbukumbu ya binti yako simama mbele ya familia useme dawa hazikupaswa kuachwa. Usimtaje mdogo, usimtazame hata. Sema tu.